Nani Alale na Nani: Kuchagua Vyumba na Kadi za Milango kwa Familia Kwenye Meli ya Kitalii

Usiku wa kwanza melini, yapata saa nne na nusu, nilimkuta mama yangu amesimama kwenye ushoroba wa sitaha ya pili, leso mabegani, mbele ya mlango wa chumba chake mwenyewe. Meli ilikuwa imeng'oa nanga Galveston, Texas, jioni ile, ikielekea Cozumel nchini Meksiko. Mama alikuwa ametoka Mombasa kuja kututembelea Houston, na safari ile tuliipanga kwa ajili yake. Kadi ya mlango wake ilikuwa mfukoni mwa mjukuu wake, na mjukuu alikuwa amepitiwa na usingizi chumbani kwetu, sitaha ya nane. Mama alitoka mara moja kuchungulia, mlango ukajifunga nyuma yake.

"Mama, mbona hukupiga simu?"

"Simu iko ndani, mwanangu. Nikasema nisiwasumbue, mtapita tu."

Alikuwa amesimama pale karibu nusu saa. Hakuna mfanyakazi wa meli aliyemkosea. Sisi ndio tuliokuwa tumenunua vyumba kwa kutazama bei, tukachukua kila kilichokuwa rahisi mahali popote kilipokuwa, bila kufikiria milango. Tangu hapo, kila ndugu au jirani anayeniuliza safari ya meli ni shilingi ngapi, namjibu kwa swali: usiku nani atalala na nani, na asubuhi nani atamfungulia nani? Ukishapata jibu la swali hilo, bei utaisoma kwa macho mengine. Usipolijibu, utalipa mara mbili: kwanza pesa, kisha usingizi.

Bei ya mtu wa kwanza si bei ya mtu wa tatu

Tangazo la safari ya meli huandika bei ya mtu mmoja, lakini mtu huyo amehesabiwa kuwa mmoja kati ya wawili katika chumba. Hapo ndipo hesabu ya familia inapoanzia. Anayelala peke yake kwa kawaida hulipa nauli ya watu wawili au karibu nayo. Mtu wa tatu na wa nne katika chumba hicho hicho hulipa nauli ndogo kuliko wawili wa kwanza. Zipo ofa ambazo mtoto akiwa mtu wa tatu au wa nne chumbani halipi nauli kabisa. Kampuni ya MSC hutangaza ofa za namna hiyo mara kwa mara kwa watoto wanaolala na watu wazima wawili. Hata hivyo, kodi na ada za bandari hulipwa kwa kila kichwa, cha mtoto mchanga pia.

Juu ya hapo kuna bakshishi ya wahudumu. Kampuni kubwa zinazosafiri kutoka Marekani hutoza takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku katika vyumba vya kawaida, na zaidi katika vyumba vya hadhi. Nyingi huhesabu watoto pia. Carnival huwasamehe walio chini ya miaka miwili. Kwa familia ya watu watano katika safari ya usiku saba, bakshishi peke yake inaweza kupita dola 600. Iingize kwenye hesabu kabla hujafurahia bei ya tangazo.

Vitanda hivi vya mtu wa tatu na wa nne ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Icon of the Seas, meli ya Royal Caribbean iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024, ina vyumba 2,805. Ukiweka watu wawili katika kila chumba unapata abiria 5,610. Ikijaa kabisa, hubeba 7,600. Hao karibu elfu mbili wa ziada hulala kwenye makochi ya kukunjua na vitanda vinavyoshuka kutoka darini au ukutani, na wengi wao ni watoto.

Vitanda hivyo vina mpaka wake. Kila sehemu ya meli imegawiwa boti zake za kuokolea, na boti zikishafikia idadi, kampuni hufunga nafasi za mtu wa tatu na wa nne hata kama vyumba bado vipo. Ndiyo maana familia inayochelewa huambiwa vyumba vimebaki, ila vya watu wawili tu. Watu wawili wanaweza kusubiri bei ishuke dakika za mwisho. Familia ya wanne haifai kusubiri.

Familia moja, mipango mitano

Tuchukue familia ya watu wanne: baba, mama, kijana wa miaka 14 na binti wa miaka 9, kwa usiku saba. Bei hizi ni za mfano ili hesabu ionekane. Wewe weka za siku utakayonunua. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni dola 700 kwa kila mmoja wa wawili wa kwanza, na 400 kwa wa tatu na wa nne. Chenye roshani ni dola 1,100 kwa wawili wa kwanza, na 500 kwa wanaofuata. Kodi na ada za bandari ni dola 150 kwa mtu. Bakshishi ni dola 18 kwa siku, yaani 126 kwa mtu kwa wiki. Kodi na bakshishi za watu wanne zinafika dola 1,104, na hazibadiliki hata mkipanga vyumba namna gani.

1. Wote wanne katika chumba kimoja cha ndani: nauli 2,200, jumla dola 3,304.
2. Vyumba viwili vya ndani, wawili wawili: nauli 2,800, jumla dola 3,904.
3. Wote wanne katika chumba kimoja chenye roshani: nauli 3,200, jumla dola 4,304.
4. Chumba kimoja chenye roshani na kimoja cha ndani ng'ambo ya ushoroba: nauli 3,600, jumla dola 4,704.
5. Vyumba viwili vyenye roshani vilivyopakana: nauli 4,400, jumla dola 5,504.

Mpango wa kwanza ndio wa bei ndogo, na kwa safari ya usiku tatu au nne yenye watoto wadogo unatosha. Lakini ujue unachonunua. Chumba cha ndani kwa kawaida kina mita za mraba kama 15, choo kimoja na bafu moja. Kochi likishakunjuliwa na kitanda cha juu kikishashushwa, sakafu imekwisha. Mtoto akilala saa mbili usiku na taa zinazimwa saa mbili. Wazazi hubaki gizani wakinong'onezana. Kampuni nyingi pia haziruhusu au hazishauri mtoto mdogo kulala kitanda cha juu, kwa hiyo hesabu vitanda vya chini kabla hujahesabu watu.

Linganisha sasa mpango wa pili na wa tatu. Familia nyingi hukimbilia roshani moja kwa sababu inasikika ya fahari. Kwa bei hizi za mfano, vyumba viwili vya ndani vina nafuu ya dola 400 kuliko roshani moja ya watu wanne, na vinakupa vyoo viwili, bafu mbili, vitanda vinne vya chini na milango miwili. Mnaporudi kutoka ufukweni mmejaa mchanga na chumvi, saa moja kabla ya chakula cha jioni, bafu ya pili ina thamani kuliko roshani. Hali hii si ya mfano wangu peke yake: vyumba viwili vya ndani mara nyingi hukaribia bei ya chumba kimoja chenye roshani, wakati mwingine vikashuka chini yake. Usikubali bei ya roshani ya watu wanne bila kumwomba wakala akupigie hesabu ya vyumba viwili vya ndani siku hiyo hiyo.

Mpango wa nne ndio ninaoupenda kwa familia yenye mtoto aliyefikisha miaka kumi hivi. Kwa dola 400 zaidi ya kubanana kwenye roshani moja, unapata chumba kizima cha pili. Watoto wanalala kwenye giza zuri la chumba cha ndani, wazazi wanaona bahari, na kila mwenye kadi ya mlango wa wazazi anaweza kuja kukaa kwenye roshani mchana. Ukiulinganisha na mpango wa tano, umeokoa dola 800, na bahari mnaitazama wote.

Kabla ya kulipia chumba cha pili kwa ajili ya choo tu, tazama meli zilizolitatua tatizo hilo kwa ujenzi. Vyumba vingi vya Disney vina vyumba viwili vidogo vya maji: kimoja choo na sinki, kingine bafu na sinki, ingawa nauli za Disney kwa kawaida ziko juu. Carnival ina vyumba vya dirisha vyenye sehemu mbili za maji katika baadhi ya meli zake, Carnival Dream ikiwa mojawapo. MSC Meraviglia, iliyoanza kazi mwaka 2017, ina vyumba vitatu vinavyofunguka kimoja hadi kingine vinavyoweza kulaza hadi watu kumi, jambo la kuangaliwa na ukoo unaosafiri pamoja.

Bibi, na mzazi aliye peke yake

Mwongeze bibi kwenye familia ile, na watu wengi watakosea hesabu. Kawaida husemwa: "Bibi apewe chumba chake apumzike, sisi wanne tutabanana." Bibi peke yake katika chumba cha ndani hulipiwa nafasi mbili, yaani dola 1,400. Wanne waliobaki hulipa 2,200. Nauli yote ni 3,600. Sasa mhamishe mjukuu mmoja akalale na bibi. Chumba cha bibi kinabaki 1,400, kwa kuwa kitanda cha pili kilishalipiwa. Chumba cha wazazi na mtoto mmoja kinakuwa 1,800. Jumla 3,200. Umeokoa dola 400 na hakuna aliyebanwa.

Lakini hesabu isimfanye bibi kuwa yaya bila kuulizwa. Kaa naye kabla ya kulipa. Je, huamka usiku? Huswali alfajiri na hataki kumwasha mtoto? Huhitaji kitanda cha chini karibu na choo? Anapenda kukaa na mjukuu usiku wote saba, au tatu tu? Mama yangu alifurahi kulala na binti yetu, ila alitaka ijulikane kwamba saa nne usiku ni saa ya kulala, si ya kutazama katuni. Hilo tulilizungumza tukiwa tumeshapanda meli. Lilipaswa kuzungumzwa Houston.

Ikiwa bibi hutumia kiti cha magurudumu, agiza mapema chumba cha watu wenye ulemavu: mlango mpana, bafu isiyo na kizingiti, vyuma vya kushikilia. Vyumba hivyo ni vichache katika kila meli na huisha mapema. Mlango wa chumba cha kawaida ni mwembamba, na viti vingi vya magurudumu haviupiti.

Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto mmoja hubeba mzigo mwingine: mtoto wake ndiye mtu wa pili, kwa hiyo hulipa nauli kamili. Nafuu ya mtu wa tatu haimfikii. Dada wawili wenye mtoto mmoja mmoja, wakikubali kushiriki chumba kimoja, kwa mfano wetu watalipa nauli ya 2,200 badala ya 2,800. Dola 600 za tofauti ni pesa za matembezi ya bandarini kwa wote wanne. Wajiulize tu kama undugu wao utavumilia usiku saba kwenye mita za mraba 15.

Kupakana si kuunganishwa

Maneno mawili huleta mafarakano kwenye simu na wakala. Vyumba vilivyounganishwa vina mlango wa ndani kati yao. Mtoto akilia unaingia bila kutoka kwenye ushoroba. Vyumba vilivyopakana vimeshiriki ukuta tu. Ukimwambia wakala "nataka vyumba vya pamoja," anaweza kukupa chochote kati ya hivyo na asiwe amekudanganya. Mwombe namba za vyumba, kisha uzitafute wewe mwenyewe kwenye ramani ya sitaha, ambako mlango wa ndani huonyeshwa kwa alama.

Kwa mtoto wa chini ya miaka minane, lipia mlango wa ndani. Kwa watoto wakubwa, kupakana au kukabiliana kwenye ushoroba kunatosha, tena ng'ambo ya ushoroba mara nyingi ndiko kwenye vyumba vya ndani vya bei ndogo. Mlango wa ndani una gharama zake pia. Sauti hupenya, kwa hiyo usiuchukue kama jirani yako si wa familia yako. Na mara nyingi mlango huo umekula nafasi ya kochi, chumba kikabaki cha watu wawili tu. Ukiwa na vyumba viwili vya roshani vilivyopakana, mwombe mhudumu wa chumba afungue kizuizi kati ya roshani. Katika meli nyingi hufunguka, mkapata baraza moja ndefu.

Kuna bei ya chini inayoitwa ya kuhakikishiwa chumba: unalipia aina, kampuni inakuchagulia mahali. Kwa watu wawili ni biashara nzuri. Kwa familia yenye vyumba viwili ni kamari, kwani kimoja kinaweza kuangukia omo na kingine tezi. Hivyo ndivyo mama yangu alivyojikuta sitaha ya pili na sisi ya nane. Vilevile, kampuni ikikupa nafasi ya kupandishwa daraja, kwa ofa au kwa mnada, kumbuka kwamba chumba kipya kinaweza kuwa mbali na watoto. Mwambie wakala aandike kwenye nafasi zako kwamba hutaki kuhamishwa.

Kuhusu mahali penyewe: katikati ya meli na sitaha za chini ndiko kunakotikisika kidogo, na huko ndiko kuwekwe anayelewa bahari. Epuka chumba kilicho chini ya ukumbi wa bafe au bwawa la kuogelea, maana viti huanza kuburutwa alfajiri. Chumba bora ni kile ambacho juu yake na chini yake kuna vyumba vingine vya kulala.

Jina kwenye karatasi na kichwa kwenye mto

Mzazi akitaka kununua chumba cha watoto peke yao, mfumo wa kampuni unaweza kumkatalia. Royal Caribbean, kwa safari zinazoanzia Amerika Kaskazini, hutaka kila chumba kiwe na mtu aliyefikisha miaka 21. Kwa watoto wanaosafiri na wazazi, hulegeza masharti ikiwa vyumba vimeunganishwa au vimepakana. Safari zinazoanzia Ulaya huchukua miaka 18. Kampuni nyingine zina masharti yanayofanana na hayo lakini si sawasawa, hasa kuhusu umbali unaoruhusiwa kati ya chumba cha mzazi na cha mtoto.

Kwa hiyo familia nyingi huandika baba na mtoto mmoja chumba hiki, mama na mtoto mwingine chumba kile, na wakishapanda meli hulala wanavyotaka. Jambo hilo linajulikana na wafanyakazi wa meli wamelizoea. Ila lina matokeo. Matumizi ya mtoto huenda kwenye hesabu ya chumba alichoandikiwa, si alicholala. Na vifurushi vya vinywaji vina sheria ya chumba: kwa Royal Caribbean na Carnival, mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, kila aliyefikisha miaka 21 katika chumba hicho lazima anunue. Katika familia ambayo mmoja hunywa na mwingine hagusi, andikeni majina katika vyumba mkijua hilo. Nimeona mjomba asiyeonja pombe akilazimika kulipia kifurushi cha wiki nzima kwa sababu aliandikwa chumba kimoja na mpwa wake.

Sisi tuna jambo letu jingine, la majina. Mtoto wa Juma Ali Hassan huitwa Fatuma Juma Ali. Mama yake ana jina la baba yake mwenyewe. Kwenye pasipoti, watu watatu wa nyumba moja wana majina matatu ya mwisho, na kompyuta ya kampuni haioni familia. Mwombe wakala aunganishe nafasi zote kwa namba zake, ili mkae meza moja na vyumba vishughulikiwe pamoja. Beba vyeti vya kuzaliwa. Mzazi mmoja akisafiri bila mwenzake, abebe barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili au ofisa wa viapo. Na bibi aliyekuja Marekani kwa viza ahakikishe ni ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikigusa Cozumel ametoka nchini, na ikirudi Galveston anaingia upya.

Kadi moja, kazi tatu

Royal Caribbean huiita SeaPass, Carnival huiita Sail & Sign, Disney huiita Key to the World. Princess imeibadilisha kuwa kidude kidogo cha duara kiitwacho Medallion. Jina lolote liwalo, kazi ni tatu: hufungua mlango, hulipia unachonunua, na hukutambulisha unaposhuka na kupanda meli, ambapo picha yako hutokea kwenye kompyuta ya mlinzi. Kila msafiri hupewa yake, mtoto pia, na kwa kawaida hufungua mlango wa chumba alichoandikiwa tu.

Saa ya kwanza baada ya kupanda meli, kabla ya bafe na kabla ya bwawa, mtu mzima mmoja aende dawati la wageni na vitambulisho, akamilishe haya:

- Aombe kadi za ziada za mlango, ili kila mzazi afungue vyumba vyote viwili, na bibi afungue cha wazazi.
- Kama watu watalala tofauti na walivyoandikwa, aseme hivyo, na orodha irekebishwe pale pale.
- Afunge uwezo wa kulipia kwenye kadi za watoto, au auwekee kiwango. Chumba cha michezo ya mashine hula pesa kwa kugusisha kadi, na mtoto hasikii uchungu wake.
- Aunganishe hesabu ya bibi na ya wazazi, kama ndivyo mlivyokubaliana.

Kadi ya ziada hufungua mlango tu. Kushuka bandarini kila mtu atumie ile yenye jina lake. Kadi nyingi hazina namba ya chumba, na ni kwa makusudi, ili aliyeiokota asijue pa kwenda. Usiiandike. Mfundishe mtoto namba kwa kukariri, pamoja na njia ya kutoka kwenye lifti. Kadi ikipotea, ripoti mara moja ifungwe; mpya hutolewa pale pale.

Suala la nani apewe kadi liamuliwe kwa umri na tabia. Mtoto wa miaka mitano hana haja ya kufungua mlango wowote. Wa miaka kumi, ambaye mzazi amemruhusu kutoka mwenyewe kwenye ukumbi wa watoto, lazima aweze kuingia chumbani, la sivyo atazurura. Kijana wa miaka 15 awe na kadi yake, na wazazi wawe na kadi ya mlango wake. Hilo aelezwe wazi kabla ya safari, asilione kama kupelelezwa. Mtu mzima wa makamo, aliyezoea mlango wa komeo, aonyeshwe mara tatu kwamba mlango huu hujifunga wenyewe, na apewe kamba ya kuvaa kadi shingoni.

Kituo cha kukusanyikia

Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria waliopanda Civitavecchia siku ile walikuwa hawajafanya zoezi la dharura. Tangu 1 Januari 2015, sheria ya kimataifa ya usalama wa baharini hutaka abiria wapya wafanye zoezi kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka.

Hili linahusu vyumba moja kwa moja. Kila chumba kina kituo chake cha kukusanyikia wakati wa dharura, na kituo hicho huandikwa kwenye kadi. Vyumba viwili vilivyo mbali vinaweza kuwa na vituo viwili, na familia ikagawanyika saa ambayo haifai kugawanyika. Vyumba vilivyopakana kwa kawaida hupangiwa kituo kimoja. Tazameni kadi zote siku ya kwanza. Zikitofautiana, mwombe ofisa aliye dawatini awaweke kituo kimoja. Mtoto mdogo huvishwa bangili yenye alama ya kituo. Hakikisha ni kituo ambacho wewe utakuwa. Katika hesabu yangu, hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutotawanya familia kwa ajili ya dola mia.

Kwa hiyo, uchague kipi?

Watoto wote chini ya miaka minane, safari fupi: chumba kimoja, cha dirisha kama pesa inaruhusu, na kitanda cha mtoto mchanga kikiagizwa mapema. Kampuni nyingi hazipokei mtoto aliye chini ya miezi sita, na kwa safari ndefu za kuvuka bahari kuu chini ya mwaka mmoja. Watoto wa umri wa shule, usiku saba: vyumba viwili vya ndani vilivyounganishwa. Vijana: roshani ya wazazi na chumba cha ndani mkabala. Familia yenye bibi: vyumba viwili vilivyopakana, bibi na mjukuu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Ukoo mzima: vyumba vya ndani vingi kadiri inavyohitajika, roshani moja katikati, na kadi za ziada za mlango huo kwa wazee wote.

Mpango huo wa mwisho nilifunzwa na mama. Asubuhi iliyofuata dawati la wageni lilitupa kadi za ziada bila malipo: mbili za chumba chake kwa ajili yangu na mume wangu, na moja ya chumba chetu kwa ajili yake. Vyumba havikuweza kubadilishwa, meli ilikuwa imejaa. Siku ya tatu alfajiri nilisikia mlango ukifunguka taratibu. Mama alipita kwa kunyata, akafungua roshani, akaketi na leso yake akitazama jua likichomoza juu ya maji, kama anavyofanya kwao Mombasa. Hakubisha hodi wala hakusubiri mtu apite. Nilijifanya bado nimelala, nikamwacha na bahari yake.